Tetemeko Linalopumzika Jumapili

Saa kumi na mbili ya asubuhi, jogoo wa Papa Ezéchiel aliwika. Alipomaliza, kinu cha Maman Nsimire kilijibu. Pu! Pu! Pu!

Maman Nsimire alikuwa anatwanga sombe. Jioni alinunua majani ya muhogo kwa akina mama waliotoka Kavumu. Asubuhi aliyatwanga mpaka yakawa laini, kisha akayapeleka soko la Kadutu. Kinu chake kilikuwa kikubwa na kizito. Mama yake alimpa siku alipoolewa, na watu wawili walikibeba kutoka Luhwindja.

Aliishi na mume wake, Papa Zagabe, katika nyumba ya mbao juu ya mwamba, kwenye mteremko mkali. Papa Zagabe alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja. Sasa alikuwa amestaafu, lakini mdomo wake haukustaafu.

Ilikuwa miaka ya vita. Barabara nyingi zilifungwa na misumari ilikuwa adimu. Kwa hiyo Papa Zagabe alishikilia mabati ya nyumba kwa mawe, kama majirani wengi. Mawe yalikuwa kumi na manne. Aliyapandisha moja moja, akayapanga kama wanafunzi darasani. Lile kubwa kuliko yote lilikaa juu kabisa ya mlango. Papa Zagabe aliliita Direkteri, kama mkuu wa shule.

"Upepo ikimuona Direkteri, inageuka njia," alisema kila mgeni alipoingia.

Ndani ya nyumba alikuwemo mtu wa tatu. Huyu ni Lucie, mjukuu wao wa miaka mitatu. Mama yake, Laurette, alikwenda Kamituga kuuza nguo. Akiwa kule, vita vikafunga njia. Miezi minne ilipita. Barua moja tu ilifika, kwa mkono wa padri. Maman Nsimire aliisoma polepole, herufi kwa herufi, kwa sababu alijifunza kusoma parokiani akiwa tayari na mvi.

"Maman, minaomba kitu moja tu," Laurette aliandika. "Nikirudia, nimukute Lucie muzima."

Barua ile aliitia ndani ya kitambaa alichofunga kiunoni. Kila alipoinama kutwanga, aliisikia.

*

Siku moja Maman Nsimire alikuwa anapanda mteremko na beseni la sombe. Msichana mmoja aliyevaa miwani alishika upande wa pili wa beseni bila kuulizwa. Alibeba mpaka juu, akasema, "Siku njema, Maman," akaenda zake. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vimejaa matope.

Baada ya wiki mbili, msichana yule yule alibisha hodi. Jina lake lilikuwa Delphine. Alikuwa msaidizi wa walimu katika Chuo cha Sayansi. Alikuja pamoja na profesa wake, Floribert, mtu mrefu, mpole, ambaye aligonga kichwa mlangoni akaomba msamaha kwa mlango.

"Maman," Delphine alisema, "tuko na mashini moja. Inasikia namna udongo inatetemeka. Tuliiweka kule juu ku kilima, lakini sasa kule kuko basoda na bunduki. Tunatafuta nyumba yenye iko juu ya jiwe ya kweli. Ya kwenu iko vile."

"Ile mashini inajua tetemeko itakuja siku gani?" Papa Zagabe aliuliza.

"Hapana, Papa. Hakuna mashini mu dunia yote inajua ile. Inaandika tu yenye imetokea. Tukiandika miaka mingi, tunajua ni wapi udongo inatikisika sana, na watu bajenge namna gani."

Maman Nsimire aliangalia miwani ya yule msichana. Akakumbuka beseni. "Muilete," alisema.

Wakaiweka katika kibanda cha nyuma, mahali palipokuwa pa mbuzi. Lilikuwa sanduku la chuma lenye kufuli. Ndani yake, karatasi ilizunguka polepole na kalamu ndogo iliandika mstari. Udongo ukitulia, mstari ulinyooka. Udongo ukitetemeka, mstari uliruka juu na chini. Delphine alisema atakuja kila Jumamosi mchana kubadilisha karatasi.

"Maman, mutulindie," aliomba wakati wa kuondoka. "Siku hizi wizi iko mingi."

"Mutoto yangu, lala tu usingizi."

Jirani yao, Papa Ezéchiel, alichungulia juu ya ua. Huyu alikuwa fundi wa kushona, na kila habari ya mtaa ilipita kwanza kwenye cherehani yake.

"Zagabe! Ile kitu iko radio ya basoda!"

"Iko sayansi."

"Sayansi iko na kufuli?"

"Weye pia mudomo yako ingekuwa na kufuli, tungelala muzuri."

Maman Nsimire hakusikiliza. Alikuwa anafikiri juu ya neno lake. Wezi hupita saa gani? Hupita alfajiri, watu wanapokuwa bado wazito. Na yeye saa hiyo yuko wapi? Yuko mbele ya nyumba, anatwanga, na kibanda kiko nyuma. Hiyo si kulinda. Basi akaita vijana wawili, wakahamisha kinu. Wakakiweka ndani ya kibanda, karibu kabisa na sanduku la chuma.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi alitwanga huku bega lake likikaribia kugusa mashine.

*

Yaliyofuata chuoni, Maman Nsimire aliyajua baadaye, Delphine alipomsimulia huku akishika mbavu.

Jumamosi ya kwanza, Profesa Floribert alifungua karatasi juu ya meza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Karibu kila siku saa kumi na mbili ya asubuhi, kalamu ilikuwa imeruka kama panzi. Iliruka nusu saa, halafu ikatulia kabisa. Wiki ya pili ilikuwa vile vile, na ya tatu pia.

Jumatatu, wanafunzi walipoonyeshwa karatasi zote tatu, walifurahi sana. Mmoja alisema ni mlima wa moto unaozaliwa chini ya Kadutu. Mwingine tayari alikuwa ameutafutia jina.

Delphine peke yake alikuwa anahesabu siku kwa kidole.

"Professeur, Jumapili hakuna kitu. Jumapili zote tatu. Na hii siku hapa ilikuwa Kupalizwa kwa Bikira Maria. Hakuna kitu."

Profesa aliinamia karatasi. "Unataka kusema nini?"

"Hii tetemeko iko Katoliki."

Darasa likacheka. Profesa naye alicheka, kisha akasema jambo ambalo wanafunzi wake hawakulisahau. "Sisi tulipenda hii karatasi mbiyo sana. Mutu wa sayansi akipenda kitu mbiyo, lazima aende kuangalia na macho yake. Kesho asubui tutaenda."

Kesho yake, kulipoanza kucha, Maman Nsimire alikuwa katikati ya kazi. Pu! Pu! Pu! Akageuka ili afute jasho. Mlangoni mwa kibanda alimwona profesa mzima, na koti lake la heshima, amepiga magoti na kutega sikio kwenye udongo. Nyuma yake Delphine alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Yesu! Profesa ameanguka!"

"Sikuanguka, Maman." Profesa aliinuka na matope kwenye sikio. "Unatwangaka hapa kila siku?"

"Kila siku. Jumapili hapana, niko ku misa."

"Na juu ya nini unatwangia hapa, karibu ya mashini?"

Maman Nsimire alishangaa. "Si mulisema nilinde? Sasa nikitwangia mbele, nani atalinda nyuma?"

Profesa akaangalia kinu, akaangalia sanduku la chuma. Halafu Delphine akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

Profesa alimweleza jinsi kalamu ilivyoruka, na Maman Nsimire akaweka mchi chini. Karatasi za wiki tatu! Alishika kichwa. "Basi miye njo tetemeko? Nimeharibu kazi yenu!"

"Hapana, Maman," profesa alisema. "Sisi tulikosea. Tulikuambia ulinde, lakini hatukukuuliza unafanyaka kazi gani hapa. Aliye ku makosa ni yule mwenye hakuuliza. Usiache kutwanga. Tusaidie tu."

Alitoa ndani ya koti kaye mpya, daftari dogo la shule, na kalamu ya biki. Akampa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake.

"Rudisha kinu mbele ya nyumba. Na kila siku uandike saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Tukiona kalamu imeruka, tutafungua kaye. Kama uliandika, ni sombe. Kama hukuandika, ni udongo."

Usiku ule Maman Nsimire alifunga kaye katika kitambaa kile kile chenye barua. Tangu alipojua kuandika, hakuna mtu aliyewahi kumwomba aandike kitu.

Kesho yake, kabla ya saa sita ya mchana, mtaa mzima ulikuwa unamwita Maman Tetemeko. Ezéchiel ndiye aliyeanza.

*

Jumamosi iliyofuata, Delphine alinakili kwanza kaye yote katika daftari lake. Kisha akaomba maji ya kunywa. Akiwa ndani, aliona kitanda kidogo cha Lucie. Juu yake, ukutani, palikuwa na rafu. Juu ya rafu palikuwa na sanduku la chuma la Papa Zagabe, limejaa vitabu vya shule. Delphine akaacha kunywa. Akatoka nje, akaangalia mabati.

"Papa Zagabe, naomba kusema kitu, usinikasirikie. Tetemeko haiuaki watu sana na udongo. Inawaua na vitu vyenye vinaanguka. Ile sanduku iko juu ya kichwa cha mutoto. Na zile mawe ziko juu ya mulango, na watu wakiogopa banakimbilia wapi?"

"Ku mulango," Maman Nsimire alijibu polepole.

"Yule ni Direkteri," Papa Zagabe alisema. "Ana miaka mingi pale. Tetemeko zimepita, hajaanguka."

"Ile kubwa haijapita, Papa."

"Mademoiselle, nimefundisha batoto miaka makumi tatu na moja. Sanduku haitembeake."

Delphine hakubishana. Alichukua kikombe cha bati cha Papa Zagabe, kile ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukinywea. Akakiweka juu ya rafu, karibu na sanduku. Akamgeukia Maman Nsimire. "Maman, ulete kinu hapa ndani, karibu ya ukuta. Utwange na nguvu."

Vijana wawili walikiingiza, na Maman Nsimire akatwanga. Pu! Pu! Pu! Papa Zagabe alisimama chini ya rafu, mikono kiunoni, akiangalia juu. Kikombe kikatetemeka. Kisha kikaanza kutembea. Kilitembea polepole, kama mzee anayekwenda misa, mpaka pembeni mwa rafu.

"Kinatembea!" Lucie alipiga makofi.

"Hakitembei," Papa Zagabe alisema, na kikombe kikamwangukia katikati ya upara.

Maman Nsimire aliacha mchi. Hakucheka kama wengine. Alimwangalia Lucie, akaangalia sanduku, akagusa kitambaa kiunoni.

"Papa Zagabe," alisema, "ile ilikuwa miye tu, mwanamuke mumoja na muti mumoja. Sasa udongo yote ikitwanga?"

Sanduku lilishuka siku ile ile. Papa Zagabe mwenyewe alilisukuma chini ya kitanda chake, akinung'unika. Kuhusu mawe, aliuliza: mabati yatashikwa na nini? Wiki iliyofuata wanafunzi watano wa Delphine walikuja na waya walizotoa katika kebo za zamani chuoni. Hakuna aliyewaambia walete na mikate, lakini walileta. Walifunga mabati kwenye boriti kwa waya, wakashusha mawe kumi na matatu.

Jiwe la kumi na nne, Papa Zagabe alilizuia. "Direkteri anabaki. Darasa haiwezi kukosa Direkteri."

Maman Nsimire alimwomba mara tatu. Mara ya nne aliandika katika kaye: *Mawe 13 chini. 1 kichwa ngumu.*

Delphine alimfundisha Lucie mchezo. Ukisikia nyumba inatikisika, usikimbie. Chini! Ingia chini ya meza ngumu. Funika! Weka mkono juu ya kichwa. Shika! Kamata mguu wa meza, nayo ikisogea usogee nayo. Udongo ukitulia, toka polepole, ukiangalia juu. Na kama tayari uko nje, baki nje, mbali na kuta.

Lucie aliupenda mchezo kupita ugali. Jumapili, padri alipopiga kengele ya misa, mtoto alipiga kelele, "Chini!" akapotea chini ya benchi. Akina mama watatu nyuma yake waliingia pia, na mmoja alikwama.

*

Siku ya Alhamisi, saa tisa ya mchana, Papa Ezéchiel alikuja kunywa chai na kulalamika.

"Ile mashini mutaiondoa lini? Watu banasema inaita tetemeko."

"Yaani kaye yangu ikiandika mvua, njo imeita mvua?" Maman Nsimire aliuliza. Alikuwa ameshika beseni la sombe iliyobaki sokoni. Kinu kilikuwa tupu mbele ya nyumba. Lucie alikuwa anapanga vifuniko vya chupa sakafuni.

Kwanza kuku walinyamaza. Halafu ikaja sauti kutoka chini, kama lori kubwa linalopanda mteremko. Lakini hakuna lori lililopanda mteremko ule tangu vita. Chai ikaruka kikombeni. Ukuta ukalia.

"Chini!" Lucie alipiga kelele, na kabla mtu mwingine hajapumua, alikuwa chini ya meza.

Maman Nsimire alimfuata kwa magoti, akamfunika kwa mwili wake, akashika mguu wa meza. Ile ilikuwa meza ya zamani ya shule, ya mbao ngumu. Papa Ezéchiel alikuwa tayari ndani, na hakuna aliyemwona akiingia.

Lakini Papa Zagabe alisahau yote. Alisimama. Akaelekea mlangoni.

"Zagabe!" Maman Nsimire alipiga sauti ambayo hakuitumia tangu ujana. "Zagabe, meza! Zagabe, rudi darasani!"

Mwalimu hugeuka akisikia neno hilo. Papa Zagabe aligeuka, akajitupa chini, akaingia nusu mwili. Alitafuta kitu cha kufunika kichwa, akashika beseni, akalivaa. Sombe ikamshuka mpaka mabegani.

Wakati huo huo, mbele ya mlango, kitu kizito kilianguka. PU! Nyumba ilishtuka mara ya mwisho.

Halafu kimya.

"Bado," Maman Nsimire alisema. "Tusubiri itulie."

Walisubiri, watu wanne chini ya meza moja. Lucie aligusa shavu la babu yake, akalamba kidole, akamgeukia bibi yake. "Koko, tate iko na ladha."

Walitoka polepole, wakiangalia juu. Rafu ilikuwa imening'inia kwa msumari mmoja, na kitanda cha Lucie chini yake kilikuwa na vumbi tu. Mlangoni, Direkteri alikuwa amelala juu ya kizingiti. Ubao wa kizingiti ulikuwa umepasuka vipande viwili, pale pale ambapo mguu wa Papa Zagabe ungekanyaga.

Papa Zagabe aliliangalia jiwe kwa muda mrefu. Sombe ilidondoka kutoka sikio lake. Akavua beseni kichwani, kama mtu anavyovua kofia kanisani.

Maman Nsimire alimfuta uso kwa kitambaa chake. Hakumwambia, "Nilikuambia." Alimfuta tu, polepole, hadi kwenye masikio. Kisha akakaa juu ya Direkteri, akafungua kaye, akaandika.

*

Mtaani wengine waliumia, na wengine wengi walipata woga mkubwa. Jioni ile ile, Papa Ezéchiel alipanda ngazi akaanza kushusha mawe yake. Jumamosi, wanafunzi walileta waya zaidi, na kazi ikaendelea nyumba kwa nyumba. Cherehani ya Ezéchiel sasa ilikuwa na habari mpya. Kila mteja alisikia kwanza habari ya meza, na jinsi yeye, Ezéchiel, alivyoingia kwa utulivu mkubwa.

Mwezi uliofuata njia ya Kamituga ilifunguka kidogo. Laurette alifika amekonda, na matope mpaka magotini. Alimnyanyua Lucie, akamgeuza mbele na nyuma, akahesabu vidole vyake vyote ishirini.

"Iko muzima," alisema, akalia.

"Hesabu na baba yako," Maman Nsimire alisema. "Yeye njo alitaka kupunguka."

Chuo cha Sayansi kilikaribisha akina mama wa Kadutu siku moja, waone mashine na wajifunze. Ukumbi ulijaa. Profesa Floribert aligonga kichwa mlangoni, kama kawaida. Akaonyesha karatasi ndefu. Katikati yake kalamu ilikuwa imeruka mpaka mwisho wa karatasi.

"Siku ile," alisema, "nilijiuliza kwanza swali moja. Hii ni udongo, ao ni Maman Nsimire? Njo nikafungua kaye."

Akamwita Maman Nsimire mbele asome mwenyewe. Alisimama mbele ya wasomi wote, akavaa miwani ya Delphine kwa sababu yeye hakuwa na miwani. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Akasoma polepole, herufi kwa herufi, na ukumbi mzima ukamsubiri:

"Alhamisi. Saa tisa ya muchana. Kinu ilikuwa tupu. Hii si miye."